Walivyorudi Mashambani Watu wa Msumbiji

Tarehe 4 Oktoba 1992, katika mji wa Roma, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji na Bwana Afonso Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, walitia sahihi mkataba wa kumaliza vita vilivyoanza mwaka 1977. Huko nyumbani kwao siku hizo zilikuwa za mwanzo wa msimu wa kulima. Katika sehemu kubwa ya Msumbiji mvua huanza kati ya Oktoba na Desemba, na mkulima ambaye hajafyeka shamba lake kufikia wakati huo hana la kutazamia mpaka mwaka mwingine. Basi amani na mvua zilifika pamoja, na mambo mengi yaliyofuata yaliamuliwa na kalenda ya mkulima kuliko kalenda ya mabwana wakubwa waliokutana Roma.

Mazungumzo yenyewe yalichukua muda wa miaka miwili na zaidi, tangu Julai 1990, na waliokaa kati kuyasimamia walikuwa watu wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira na mjumbe wa serikali ya Italia. Msomaji wa Kenya huenda amesahau kwamba njia ya kwenda Roma ilipitia Nairobi. Ni hapa, mwezi wa Agosti 1989, viongozi wa makanisa ya Msumbiji walipokutana na wajumbe wa RENAMO, wakasikilizana pasipo bunduki katikati yao.

Nchi iliyokuwa ikingoja kulimwa ilikuwa imeharibika kupita kiasi. Yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa na maradhi. Watu karibu 1,700,000 walikuwa wamekimbilia nchi za jirani. Wengine karibu milioni nne walikuwa wamehama makwao, wakajibanza pembeni mwa miji na kando ya barabara zenye ulinzi ndani ya nchi yao wenyewe. Shule za msingi kwa maelfu na zahanati kwa mamia zilikuwa zimechomwa au kufungwa. Ng'ombe, ambao kabla ya vita kupamba moto walipita milioni moja, hawakubaki hata theluthi. Na juu ya hayo yote ukaja ule ukame mkubwa wa 1991 na 1992 uliozikumba nchi zote za kusini mwa Afrika. Njaa ilikuwa kali hata pande mbili zilizokuwa zikipigana zikakubaliana, tarehe 16 Julai 1992, kabla ya mkataba wenyewe, kwamba njia zifunguliwe ili malori ya chakula yapite.

WAGENI MILIONI KATIKA NCHI NDOGO

Kati ya wakimbizi wote, zaidi ya milioni moja walikuwa Malawi. Malawi ni nchi ndogo tena maskini, ambayo wakati huo watu wake hawakufika milioni kumi. Yaani katika kila wenyeji tisa au kumi alikuwako mgeni mmoja. Katika wilaya za mpakani kama Nsanje wageni walikaribia kuwa sawa na wenyeji kwa wingi. Kuni zilikwisha, vilima vikabaki vipara, visima vikapangiwa foleni tangu alfajiri. Hata hivyo wenyeji hawakuwafukuza. Wengi walikuwa watu wa lugha moja, maana mpaka ule ulichorwa na Wazungu juu ya karatasi, ukapita katikati ya koo na makaburi yao. Yafaa jambo hili likumbukwe kila inapohesabiwa misaada ya mataifa makubwa, kwa sababu msaada wa kwanza, na ulioendelea kwa miaka mingi kuliko wote, ulitolewa na wakulima wa Malawi ambao majina yao hayamo katika taarifa yoyote.

Amani ilipotangazwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kupanga malori, vituo vya kupumzikia na orodha za majina. Lakini watu hawakungoja orodha. Wengi zaidi walirudi kwa miguu yao wenyewe, na desturi yao ilikuwa ya busara sana. Mwanamume au kijana mmoja wa nyumba alivuka mpaka kwanza, akaenda kuutazama mji wake, kama pana maji, kama pana usalama, kama shamba limeota msitu. Akafyeka kipande, akasimamisha kibanda cha nyasi. Mkewe na watoto walibaki kambini wakishika kadi ya chakula, maana kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ghala ya jamaa yote mpaka mavuno ya kwanza. Makarani wa kambi walioona jina liko orodhani na mtu hayupo waliweza kudhani ni ulaghai. Pengine ulikuwapo ulaghai pia. Lakini mara nyingi ilikuwa ni hesabu ya mkulima ambaye hataki kuhamisha watoto wadogo kwenda mahali pasipo na chakula.

Kufikia mwaka 1996 wakimbizi wote 1,700,000 walikuwa wamesharudi. Lilikuwa ni rejeo kubwa kuliko yote ambayo shirika lile lilikuwa limepata kuyasimamia katika Afrika.

MBEGU ISILIWE

Mtu aliyerudi alihitaji vitu vichache, lakini alivihitaji kwa wakati wake. Alihitaji jembe, shoka na panga la kufyekea. Mbegu za mahindi, mtama, kunde na karanga. Na chakula cha kumshikiza miezi ile ambayo mbegu imo ardhini na ghala ni tupu. Mashirika ya misaada yalijifunza upesi kwamba vitu hivyo vitatu havitengani. Ukimpa mtu mwenye njaa debe la mbegu za mahindi bila kumpa unga, umempa chakula cha siku chache, kwa maana atazipika. Na nani atamlaumu, mtoto akilia usiku? Kwa hiyo mgao wa chakula ulitolewa pamoja na mgao wa mbegu, ili kimoja kikilinde kingine.

Tena mbegu haina huruma na ofisi. Gunia la unga likichelewa mwezi mmoja bado ni unga, lakini mbegu ikichelewa mwezi mmoja, mvua imepita. Barabara za Msumbiji wakati ule zilikuwa na mashimo, madaraja yaliyoanguka na mabomu ya kutegwa, na mara nyingine mzigo uliotakiwa Oktoba ulifika wakati jirani mwenye bahati anapalilia. Mara nyingine ilitolewa mbegu ya namna isiyozoea ardhi ya mahali pale. Wanawake wa vijijini, ambao ndio hasa wakulima wa Msumbiji, walizitazama mbegu za gunia kwa shaka, wakapanda nusu, na nusu nyingine ya shamba wakapanda mbegu za kale walizozipata kwa jamaa zao. Kwa bahati njema mvua za msimu wa kwanza baada ya mkataba zilikuwa nzuri, na mavuno ya 1993 yakawa na nafuu kubwa. Lau ukame ungaliendelea mwaka mmoja zaidi, sahihi zile za Roma zingalipata majaribu makali.

Msaada mwingine uliokuwa wa aina yake ni nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Idara ya serikali iliyoshughulika na ugawaji wakati wa vita ilikuwa na jina refu la Kireno lenye neno kalamidade, yaani maafa. Basi watu wakaziita nguo zile kalamidade, na jina likabaki hata zilipoanza kuuzwa sokoni kama mitumba yetu. Mtu akisema amevaa shati la maafa, hana maana ya kulalamika. Anataja tu mahali aliponunua.

ASKARI WALIPWA WAENDE NYUMBANI

Umoja wa Mataifa ulipeleka kikosi chini ya Bwana Aldo Ajello, Mwitalia, kwa azimio la tarehe 16 Desemba 1992. Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa kuwakusanya askari wa pande zote mbili katika vituo 49, kupokea silaha zao na kuwarudisha uraiani. Kazi ilikwenda polepole, na katikati ya mwaka 1994 askari waliochoka kungoja walifanya fujo katika vituo vingi, wakidai waachiwe. Hawakudai vita viendelee. Walitaka kwenda kulima. Waliachiwa zaidi ya 70,000, na kila mmoja akapewa malipo ya mwezi kwa mwezi yaliyotosha muda wa miaka miwili, miezi sita kwa fedha ya serikali na kumi na minane kwa fedha ya mataifa wahisani. Malipo yalichukuliwa katika tawi la benki la wilaya ambako askari alisema ndiko kwao, hata mtu aliyetaka fedha yake ilimpasa akae mahali pamoja kama raia.

Kilikuwako pia kifungu cha fedha cha kuisaidia RENAMO igeuke kutoka jeshi la msituni iwe chama cha siasa chenye ofisi, meza na magari. Kifungu hicho kilipita dola milioni 15, na sehemu kubwa ilitoka Italia. Wako waliochukizwa nacho. Mwalimu ambaye shule yake ilichomwa moto, na sasa anafundisha chini ya mwembe, hawezi kufurahi kuona waliochoma wakinunuliwa samani. Lakini uchaguzi ulipofanyika mwishoni mwa Oktoba 1994, Bwana Chissano akashinda na Bwana Dhlakama akapata theluthi ya kura, aliyeshindwa hakurudi msituni. Wajumbe wake 112 waliingia katika Bunge la watu 250, wakakaa. Angola, jirani kwa lugha ya Kireno, ilifanya uchaguzi Septemba 1992 kabla ya majeshi kuvunjwa sawasawa, na vita vikarudi mpaka 2002.

Vijijini mambo yalikuwa na utaratibu wake. Vijana waliotekwa utotoni na kulazimishwa kupigana walirudi wakiwa wamefanya mambo ambayo jamaa hazikuweza kuyataja. Waganga wa jadi na wazee waliwafanyia tambiko la kuwatakasa kabla hawajaingia nyumbani, na makanisa nayo yakawaombea. Hapakuwa na mahakama ya kuwahukumu waliofanya maovu. Bunge lilipitisha msamaha kwa wote. Ikiwa haki ilitendeka au haikutendeka ni swali ambalo watu wa Msumbiji wenyewe wanalijibu kwa namna mbalimbali.

SHAMBA LENYE MABOMU

Mabomu yalitegwa na kila upande: kuzunguka ngome, chini ya nguzo za umeme, kando ya reli, kwenye njia za kwendea visimani. Waliotega wengine walikufa bila kuchora ramani. Hesabu iliyotajwa mwanzoni, mabomu milioni mbili, baadaye ilionekana kuwa kubwa mno. Lakini kwa mkulima tofauti ilikuwa ndogo. Shamba lenye bomu moja na shamba linalosemwa lina bomu moja yote mawili halilimwi. Watu walifunga vijiti vyenye matambara, wakaweka mafundo ya nyasi njiani, wakawafundisha watoto wasipite. Tena ng'ombe waliokatika miguu wakawa alama kwa wenye ng'ombe.

Kufukua bomu ni kazi ya magoti. Mtu huvaa kinga ya uso, hupitisha kifaa cha kugundua chuma juu ya ardhi shubiri kwa shubiri, na kila kinapolia hulazimika kuchimba kwa uangalifu, ijapokuwa mara nyingi hukuta msumari au kifuniko cha kopo. Shirika la Kiingereza la HALO lilianza kazi hii Msumbiji mwaka 1993, na mengine yakafuata.

Kutoka jirani yetu Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni sehemu ya Tanzania, ulikuja msaada wa ajabu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lililoanzishwa na Bart Weetjens, Mbelgiji, hufunza panya buku kunusa baruti. Panya akikuta harufu yake hukwaruza chini, na hupewa kipande cha ndizi. Mafunzo yake huchukua karibu miezi tisa. Hajali misumari wala makopo, na mwili wake ni mwepesi hata hawezi kulilipua bomu kwa kulikanyaga. Wenye shirika husema kwamba panya mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye kifaa cha chuma huhitaji siku moja hadi nne. Wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki, waliozoea kumwona panya buku kuwa mwizi wa ghala au kitoweo, wangestaajabu kumwona amefungwa mkanda kifuani, akifanya kazi ya serikali katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji.

Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu yamesafishwa. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu mkataba. Mtoto aliyezaliwa siku ya amani alikuwa mtu mzima aliyeweza kuwa na mtoto wake, ndipo shamba la babu yake likafunguliwa.

Bunduki nazo zilikuwa nyingi mikononi mwa raia, zimefichwa kwenye paa na mashimoni. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa majembe. Aliyeleta bunduki hakuulizwa ameipata wapi. Alipewa jembe, cherehani, baiskeli au mabati, kwa kadiri ya alicholeta. Silaha zilikatwakatwa, na mafundi wa Maputo wakaunda sanamu kwa vipande vyake. Kiti kimoja kilichoundwa kwa bunduki na Bwana Kester mwaka 2001 kiko katika jumba la makumbusho la British Museum huko London.

NANI MWENYE ARDHI?

Aliyerudi baada ya miaka kumi alikuta pengine mtu mwingine analima. Huyo naye alikuwa mkimbizi, aliyekimbia wilaya yake akaona ardhi wazi. Na kutoka mjini wakaja watu wenye karatasi, wakisema wamepewa eneo lile lile na wizara. Kesi nyingi zilimalizwa na wazee wa mahali, waliojua mwembe upi ulipandwa na babu wa nani. Serikali, baada ya mashauri ya muda mrefu, ikatunga sheria ya ardhi ya mwaka 1997. Ardhi yote ni mali ya taifa. Lakini jamii iliyoikalia kwa mila zake, na mtu aliyelima mahali kwa nia njema kwa muda wa miaka kumi, wana haki ya kuitumia hata kama hawana cheti, na ushahidi wa mdomo wa majirani hukubaliwa. Wasomaji wanaojua jinsi kesi za mipaka zinavyokula fedha katika Kenya wataona uzito wa kifungu hicho. Haikuwazuia wenye nguvu kabisa, na malalamiko juu ya mashamba makubwa yaliendelea. Ila mwanakijiji alipata pa kusimama.

Si kila shauri la wahisani lilikuwa jema. Msumbiji ilikuwa na viwanda vya kubangua korosho, na korosho ni fedha ya maskini. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilitaka ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upunguzwe, ikidai mkulima atapata bei nzuri zaidi. Korosho ghafi zikaenda India, viwanda vikafungwa, wafanyakazi kwa maelfu, wengi wao wanawake, wakakosa kazi, na mkulima hakuona bei iliyoahidiwa. Mwaka 1999 Bunge likaupandisha tena ushuru huo, lakini mashine zilikuwa zimeshaanza kushika kutu.

Daraja la Dona Ana juu ya mto Zambezi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 na nusu, lililojengwa kwa ajili ya reli katika miaka ya 1930, lilikuwa limelipuliwa vitani. Mwaka 1995 lilitengenezwa kwa fedha ya Wamarekani, likapitisha magari na watu wa miguu. Na mwaka 2009 reli ilikuwa imerudishwa juu yake. Mwanamke wa Mutarara mwenye kikapu cha nyanya akaweza tena kuvuka kwenda Sena bila kutegemea mtumbwi na mamba.

Amani ile haikukaa bila nyufa. RENAMO na serikali walipigana tena tangu 2013, na mkataba mwingine ulitiwa sahihi Maputo tarehe 6 Agosti 2019, Bwana Dhlakama akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Na tangu Oktoba 2017 ulizuka ugomvi mwingine, wa watu wengine kabisa, katika mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako Kimwani na Kiswahili husikika katika miji ya pwani. Mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021, na kufikia mwisho wa 2022 watu karibu milioni moja walikuwa wamehama. Wengi walipokelewa na jamaa, kama walivyopokelewa wale wa Malawi. Wengine waliwekwa katika makazi mapya huko Metuge na Ancuabe, wakapimiwa viwanja, na mvua zilipokaribia wakagawiwa majembe na mbegu. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 30 wakati wa mkataba wa Roma alikuwa amefika 60.